Mtoto Anaomba Mbwa: Mambo ya Kupima Kabla ya Kukubali

Kuna picha moja ambayo karibu kila familia yenye mbwa na mtoto inayo. Mtoto wa miaka mitatu amemkumbatia mbwa shingoni, shavu limezama kwenye manyoya, anacheka mpaka macho yamefumba. Kila anayeiona moyo unamyeyuka. Sasa mzibe mtoto kwa kiganja, umtazame mbwa peke yake. Mara nyingi utakuta ameufumba mdomo kwa kuukaza, masikio ameyalaza nyuma, kichwa amekigeuzia upande wa pili, na weupe wa jicho unachungulia kama mwezi mwandamo. Huyo mbwa hana raha. Anavumilia, na anatumia kila njia aliyo nayo kuomba aachiwe.

Naanza na picha hiyo kwa sababu ndani yake mna uamuzi mzima. Mazungumzo ya kifamilia kuhusu mbwa kwa kawaida huanzia kwingine. Mtoto ameomba kwa miezi. Mzazi mmoja anasema mbwa atamfundisha mtoto kuwajibika, mwingine anauliza nani atazoa kinyesi, shangazi anashauri itafutwe aina fulani kwa kuwa amesikia ni wapole kwa watoto. Yote hayo yana nafasi yake. Lakini katika nyumba yenye mtoto wa chini ya miaka sita, yanakuja baada ya swali moja: je, yupo mtu mzima atakayeweza kumsoma huyo mbwa, na kuwahi kuingilia kati, kila siku, kwa miaka kadhaa? Akiwepo, mengi yaliyobaki yanapangika. Asipokuwepo, hata mbwa mpole kuliko wote hatoshi kuziba pengo hilo.

Mbwa husema mapema, kwa sauti ndogo

Baada ya mtoto kuumwa, sentensi inayosikika zaidi ni "hakuwahi kuwa na tatizo, aliuma ghafla tu". Mara nyingi hapakuwa na ghafla. Mbwa hana mikono ya kumsogeza mtoto wala maneno ya kumwambia basi. Ana mwili, na huutumia hatua kwa hatua. Kwanza hulamba pua yake ilhali hakuna chakula karibu. Hupiga miayo ilhali hana usingizi. Hugeuza uso. Akiweza, huinuka na kuondoka, na hapo ndipo mtoto mdogo humfuata akidhani mchezo unaendelea. Asiposikilizwa hufyata mkia, hujikunja, au hukakamaa mwili mzima. Kisha hunguruma, hukenua meno, hung'ata hewa bila kugusa ngozi. Kuuma huja mwisho.

Kati ya dalili hizo, ile ya kukakamaa ndiyo inayonitia hofu kuliko zote, kwa sababu kwa jicho lisilozoea inafanana na utulivu. Mbwa ameacha kutafuna, hapepesi macho, mkia umesimama tuli. Watu wanasema, "Tazama alivyotulia." Zimebaki sekunde chache tu za kumwondoa mtoto. Mkia nao hudanganya wengi: mbwa anayepunga mkia amesisimka, lakini msisimko unaweza kuwa wa furaha au wa hasira. Mkia ulio usawa wa mgongo, ukipungwa kwa mapana huku kiuno nacho kikicheza, ni habari njema. Mkia uliosimama wima na kutikisika kwa kasi ndogo ndogo ni habari nyingine kabisa.

Mimi mwenyewe niliwahi kumtazama mbwa wetu akipiga miayo huku mwanangu amemwegemea, nikasema maskini, amechoka. Ilinichukua muda kuona kwamba alipiga miayo kila mara mtoto alipomwegemea, na kwamba mtoto akiondoka miayo iliondoka naye.

Jambo moja hapa lataka kusisitizwa kuliko yote. Mbwa akinguruma mbele ya mtoto, usimpige wala usimkaripie. Najua inavyouma, mnyama uliyemlisha kwa mkono wako kumngurumia mwanao. Lakini mngurumo ndio onyo la mwisho linalosikika kwa sikio. Mbwa anayeadhibiwa kwa kunguruma hajifunzi kumpenda mtoto. Anajifunza kunyamaza, na siku nyingine atavuka hatua hiyo na kwenda moja kwa moja kwenye kuuma. Mwondoe mtoto, acha mbwa apumue, kisha kaa ujiulize kilichotokea dakika mbili kabla.

Kwa nini mtoto mdogo hawezi kujilinda

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lincoln, Uingereza, wamewaonyesha watoto picha na video za mbwa wenye hali tofauti na kuwauliza mbwa anajisikiaje. Kadiri mtoto alivyokuwa mdogo, ndivyo alivyokosea zaidi, na kosa lililojirudia ni la kuogofya: mbwa aliyekenua meno alisomwa kuwa anatabasamu. Mtoto wa miaka mitatu au minne hutazama mdomo, huona meno, na katika maisha yake yote meno yaliyo wazi yamekuwa uso wa bibi anayemchekea. Hana sababu ya kufikiri vinginevyo. Basi anasogea zaidi, na anasogeza uso, kwa sababu ndivyo mtu anavyomsogelea anayemchekea.

Urefu wake nao unamponza. Uso wake uko sawa na mdomo wa mbwa. Ndiyo maana mtu mzima akiumwa jeraha huwa zaidi kwenye mkono au mguu, lakini kwa mtoto mdogo huwa zaidi kichwani, usoni na shingoni. Na tofauti na picha tuliyonayo akilini ya mbwa mgeni wa barabarani, watoto wadogo huumwa zaidi na mbwa wanaowafahamu, nyumbani kwao au kwa jamaa na marafiki, katika mambo ya kila siku: kumsogelea akila, kumkumbatia amelala, kuchukua kitu kilichoanguka karibu naye.

Mwaka 2007 madaktari wa wanyama wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, walichapisha uchambuzi wa mbwa 103 waliokuwa wameuma watoto. Takriban thuluthi mbili yao hawakuwahi kumuuma mtoto kabla ya hapo. Watoto waliofahamika na mbwa waliumwa zaidi pale mbwa alipokuwa akilinda chakula au kitu chake. Watoto wageni waliumwa zaidi pale mbwa alipokuwa akilinda eneo lake. Na katika nusu ya mbwa hao palikuwa na tatizo la kiafya lililobainika au kushukiwa, ambalo huenda lilichangia. Hili la mwisho wazazi wengi hawalifikirii. Mbwa mwenye sikio bovu au nyonga inayouma anaweza kuwa mvumilivu miaka sita, kisha siku moja mtoto akamwangukia penye maumivu. Mbwa aliyebadilika tabia apelekwe kwanza kwa daktari wa mifugo, hata kabla ya kutafutiwa mwalimu.

Kumwangalia maana yake nini

"Ninawaangalia" ni neno linalosemwa na mzazi aliye jikoni huku mtoto na mbwa wako sebuleni. Kuwa nyumba moja nao hakutoshi. Kuwa chumba kimoja huku macho yako kwenye simu hakutoshi. Kwa mtoto wa chini ya miaka mitano, kumwangalia maana yake mkono wako unaweza kufika kati yao kabla ya wao kufikiana, na macho yako yanamtazama mbwa angalau kama yanavyomtazama mtoto.

Hakuna binadamu anayeweza kufanya hivyo siku nzima. Kwa hiyo familia zinazofanikiwa hutenganisha. Wanaweka kigeti cha mtoto mlangoni, wanafunga mlango wakati wa kupika, wanamlisha mbwa mahali ambapo mtoto hafiki. Wanampa mbwa pahali pake, kitanda au kona, na hapo mtoto haingii kwa sababu yoyote, wala kumbembeleza. Mbwa anayejua anaweza kuondoka na hatafuatwa, anabaki mpole kwa muda mrefu zaidi kuliko mbwa aliyebanwa kwenye kona.

Mtoto naye anafundishwa kumwita mbwa badala ya kumwendea. Akae chini, aite, asubiri. Mbwa akija, ampapase begani au kifuani, si utosini, kwa muda wa kuhesabu mpaka tatu, kisha mikono chini. Mbwa akijisogeza zaidi, anaomba tena. Akigeuka au akitulia tu kama gogo, ameshatosheka. Watoto wa miaka minne wanaupenda sana mchezo huu wa kuuliza na kusubiri jibu. Kumkumbatia liwe jambo la midoli. Sisi binadamu hukumbatiana kwa mapenzi. Kwa mbwa, mikono inayomzunguka shingo ni kitu kinachomzuia kuondoka.

Umri wa mtoto

Mtoto mchanga asiyetambaa bado huleta shida ndogo kwa upande wake, na kubwa kwa upande wa wazazi: wamechoka, hawalali, na mbwa amepungukiwa na kila alichozoea. Kanuni ya hapo ni fupi. Mbwa haachwi na mtoto mchanga peke yao hata kwa dakika moja, hata mtoto akiwa usingizini.

Kipindi kigumu ni kuanzia mtoto anapotambaa hadi karibu na miaka minne. Mbwa aliyekipuuza kile kifurushi kilichokuwa kikilia kitandani sasa anaona kiumbe kinachosogea chini kwa chini kikimkodolea macho, kinashika manyoya ili kisimame, kinaanguka bila taarifa, kinatembea na chakula mkononi usawa wa pua yake. Familia nyingi hushangaa mbwa "amebadilika" mtoto alipofikisha miezi minane. Mbwa ni yule yule. Aliyebadilika ni mtoto.

Kati ya miaka minne na sita, mtoto hushika maelekezo akiwa ametulia na kuyasahau akisisimka. Kuanzia miaka sita hivi, wengi wao wanaweza kuzishika kanuni hata rafiki zao wanapokuja kucheza, na hapo ndipo raha ya kweli inapoanza. Kwa hiyo, kama hamna mbwa bado na mtoto wenu wa mwisho hajafika miaka mitatu au minne, ushauri wangu ni kusubiri. Wapo wanaofanikiwa mapema zaidi, hasa wale ambao mtu mzima mmoja yuko nyumbani na amewahi kuishi na mbwa. Kama mnatarajia mtoto mwingine ndani ya mwaka, basi subirini kabisa. Kumfundisha mbwa mpya na kunyonyesha mtoto mchanga ni kazi mbili zinazotaka saa zile zile za usiku.

Kilebu au mbwa mzima

Wengi hufikiri kilebu ndiye chaguo salama: watakua pamoja, watazoeana. Hoja hiyo ina ukweli ndani yake. Wanasayansi wa Marekani John Paul Scott na John Fuller, waliofanya utafiti wa miaka mingi na kuuchapisha mwaka 1965, walionyesha kwamba kilebu ana dirisha la kuzoea watu na mambo ya dunia, linalofunguka karibu na wiki ya tatu na kuanza kufunga karibu na wiki ya kumi na mbili. Anayekutana na watoto, kelele na wageni kwa upole katika kipindi hicho hubeba faida maisha yake yote. Lakini tazama hesabu. Kilebu hapaswi kuachana na mama yake kabla ya wiki nane. Zaidi ya nusu ya dirisha limeshapita kabla hajafika kwenu, na kilichofanyika ndani yake kiko mikononi mwa mtu mwingine. Ndiyo maana mahali alikozaliwa, na kama alikuwa akishikwa na kuzoeshwa watu, ni muhimu kuliko rangi yake.

Kisha kuna meno. Kilebu huchunguza dunia kwa mdomo, na meno yake ya utoto ni kama sindano. Huanza kung'oka akiwa na miezi minne hivi na kwisha karibu na miezi sita. Kabla ya hapo, mtoto anayekimbia akipiga makelele ndiye mchezo mtamu kuliko yote, na kadiri anavyolia ndivyo kilebu anavyosisimka. Nimeona watoto walioomba mbwa kwa mwaka mzima wakipanda juu ya kiti na kukataa kushuka, wiki ya pili tu. Hakuna aliyekosea hapo. Ni watoto wawili wa jamii mbili waliokutanishwa wakiwa wote hawajui adabu.

Na kuna haja ndogo na kubwa. Kilebu wa miezi miwili hutolewa nje kila baada ya saa moja au mbili akiwa macho, na kila anapoamka, anapomaliza kula na anapomaliza kucheza, pamoja na usiku. Yule mwenye mtoto anayejifunza kutumia choo ataielewa sentensi hiyo mpaka kwenye mifupa. Halafu unakuja ujana, kuanzia miezi sita hivi mpaka mwaka na nusu au miwili, ambapo mbwa aliyeonekana ameshafundika hujifanya hajawahi kusikia jina lake.

Kwa nyumba nyingi zenye watoto wadogo, mbwa mzima wa miaka mitatu au zaidi, mwenye historia inayojulikana na aliyekwisha kuishi na watoto, ni chaguo la busara zaidi. Ukubwa wake umeshaonekana, tabia yake imeshajionyesha. Mwulize anayemtoa maswali ya moja kwa moja. Ameishi na watoto wa umri gani? Anafanya nini mtu akipita karibu na bakuli lake? Aliwahi kumngurumia nani, na nini kilitangulia? Kisha mtembeleeni zaidi ya mara moja, mtoto akiwepo, na mtazame kitu kimoja: mtoto akikaa kimya bila kumwita, je, mbwa anaamua mwenyewe kumwendea? Yupo mbwa anayewavumilia watoto na yupo anayewapenda. Kwa mgeni wa nusu saa wanafanana. Baada ya miaka mitatu ya kelele tofauti yao ni kubwa sana.

Habari ya aina

Mwaka 2022 jarida la Science lilichapisha utafiti uliokusanya taarifa za mbwa zaidi ya 18,000 nchini Marekani. Aina ya mbwa ilieleza takriban asilimia 9 tu ya tofauti za tabia kati ya mbwa mmoja na mwingine. Kwa lugha nyingine, ukiambiwa aina, hujaambiwa mengi kuhusu upole wa mbwa aliye mbele yako. Malezi yana sehemu yake pia, maana umleavyo ndivyo akuavyo.

Bado kuna mambo ambayo aina husaidia kukisia. Mwili ni wa kwanza. Mbwa mkubwa mwenye moyo safi anaweza kumwangusha mtoto kwa kugeuka tu, na mbwa mdogo wa kubeba mkononi anaweza kuvunjika mguu akiangushwa na mtoto huyo huyo. Nguvu za kukimbia ni jambo la pili: mbwa waliozalishwa kwa ajili ya kuchunga mifugo huona watoto wanaokimbia uwanjani kama kundi lililotawanyika, na baadhi hung'ata visigino ili walirudishe. Nguvu hizo zote zinataka mahali pa kwenda kila siku.

Kuna ombi jingine analotwishwa mbwa, nalo ni kuwa mlinzi mkali usiku na rafiki wa watoto mchana. Anatakiwa ajue mwenyewe nani ni mgeni mbaya na nani ni rafiki wa mtoto aliyekuja kuchukua mpira. Hilo ni zito kwa akili ya mnyama yeyote. Na mbwa anayeshinda amefungwa mnyororo uani si mbwa wa familia hata kama yumo ndani ya geti la familia: hajazoea kuguswa, hana pa kukimbilia mtoto akimjia, na amebaki na njia moja tu ya kujitetea. Kama mpango wenu ni huo, na watoto wanacheza hapo hapo uani, basi jibu liwe hapana.

Magonjwa

Kichaa cha mbwa ndicho kisicho na msamaha. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa huua watu wapatao 59,000 kwa mwaka, kwamba maambukizi hadi asilimia 99 kwa binadamu hutoka kwa mbwa, na kwamba kati ya wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa nacho, asilimia 40 ni watoto wa chini ya miaka 15. Dalili zikishajitokeza, karibu hakuna anayepona. Lakini kabla ya dalili kinazuilika: mtu wa kwanza kujulikana kutibiwa kwa chanjo ya Louis Pasteur, Julai 1885, alikuwa mtoto wa miaka tisa aliyeumwa na mbwa, Joseph Meister, naye aliishi. Mbwa wenu achanjwe kwa wakati na kurudiwa kama daktari atakavyopanga. Jeraha lolote la meno lioshwe mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha mtoto apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni mchubuko tu. Na mwambieni mtoto mapema, kabla hakijatokea chochote, kwamba akisema ameumwa hatagombezwa. Watoto huficha jeraha dogo kwa kumwonea mbwa huruma wakidhani ataondolewa, na kimya hicho kinaweza kuua.

Minyoo inafuata. Mnyoo uitwao Toxocara canis hupita kutoka kwa mama hadi kwa vilebu wakiwa tumboni na pia katika maziwa, kwa hiyo kilebu aliye safi kabisa kwa macho anaweza kuwa nao. Dawa huanza akiwa na wiki mbili tu na kurudiwa kila wiki mbili katika miezi ya mwanzo, kisha kwa ratiba ya daktari. Mayai yanayotoka kwenye kinyesi hayaambukizi siku ile ile. Huhitaji wiki mbili au zaidi udongoni kukomaa, na yakishakomaa hudumu muda mrefu sana. Ndiyo maana kuzoa kinyesi kila siku ni kinga ya kweli. Mtoto anayekula mchanga ndiye anayepata mayai hayo, na viluwiluwi vyake vinaweza kufika kwenye ini, mapafu, hata jicho. Nawa mikono, funika mchanga wa kuchezea.

Kuhusu mzio: kinachowasumbua watu ni protini iliyo katika mate na vumbi la ngozi ya mbwa, si urefu wa manyoya. Tafiti zilizopima vumbi la nyumba zenye mbwa wanaouzwa kwa sifa ya kutoleta mzio hazikukuta humo vizio, yaani vitu vinavyoleta mzio, pungufu kuliko katika nyumba nyingine. Kama mtoto ana pumu au mtu nyumbani hupiga chafya akikaribia mbwa, tumieni saa kadhaa, siku tofauti, katika nyumba yenye mbwa kabla ya kuamua, na mwone daktari. Upande wa pili, utafiti wa Uswidi uliochapishwa mwaka 2015, uliotumia kumbukumbu za watoto wengi mno, ulikuta kwamba waliokulia na mbwa katika mwaka wao wa kwanza walikuwa na uwezekano mdogo wa kupata pumu kwa takriban asilimia 13 walipofika umri wa shule. Ni uhusiano tu, na hauhusu mtoto ambaye tayari ana mzio. Mimi nisingemchukua mbwa kwa sababu hiyo. Ningeacha kuogopa kwa sababu hiyo.

Anacholeta mbwa

Nimetumia maneno mengi kwenye hatari kwa sababu hatari ndiyo inayohitaji kupangwa. Lakini ninaandika haya kwa kuwa nawapenda mbwa na nimeona wanachofanya ndani ya nyumba. Mtoto aliyegombezwa huenda kukaa karibu na mbwa bila kuulizwa kitu. Mtoto mwenye haya husoma hadithi yake kwa sauti mbele ya mbwa, akikosea hakuna anayemrekebisha. Watafiti wa Japani walionyesha mwaka 2015 kwamba mbwa na mwenye mbwa wakitazamana kwa muda mrefu, homoni ya oksitosini huongezeka kwa wote wawili, homoni ile ile inayofanya kazi kati ya mama na mtoto wake mchanga. Na mtoto aliyejifunza kuuliza mwili wa mbwa kama unataka kuguswa, na kuheshimu jibu, amejifunza jambo ambalo watu wazima wengi hawalijui.

Kile ambacho mbwa haleti ni uwajibikaji wa mtoto kwa niaba yako. Mtoto wa miaka mitano anaweza kujaza bakuli la maji na kushika kamba pamoja nawe. Hawezi kuwa mwenye mbwa. Ukikubali kwa ahadi kwamba "utamtunza wewe", umempa mzigo usio wake, na akishindwa, atakayeumia ni mbwa. Mbwa huishi miaka 10 hadi 13 kwa kawaida, wadogo kwa umbo mara nyingi zaidi. Mtoto wa miaka minne wa leo atakuwa kijana mwenye mambo yake wakati mbwa huyo anapozeeka, anapoanza kutoona vizuri na kuhitaji kubebwa ngazini. Mtakaokuwa bado mnaamka naye ni ninyi.

Wiki mbili bila mbwa

Kabla ya kwenda kumwona mbwa yeyote, fanyeni jaribio lisilogharimu kitu. Kwa wiki mbili, mtu mzima mmoja aamke mapema na atoke kutembea nusu saa, mvua ikinyesha au isinyeshe, na arudie jioni. Wekeni kengele ya simu ilie saa nane usiku kwa siku tatu, mtu atoke mlangoni dakika tano na kurudi. Chagueni kona itakayokuwa ya mbwa, tandikeni kitambaa, na mfundisheni mtoto kwamba haikanyagwi, halafu muone anaikanyaga mara ngapi. Kila chakula kinachoanguka sakafuni kiokotwe mara moja, kwa sababu chokoleti, zabibu, vitunguu na pipi zenye zailitoli (aina ya kitamu kinachotumika badala ya sukari) ni sumu kwa mbwa. Usiku andikeni nani alifanya nini. Kama ni jina moja linalojirudia, na huyo mwenye jina ndiye aliyekuwa amechoka kuliko wote tangu mwanzo, mnalo jibu la mwaka huu.

Mtoto aambiwe ukweli kwa maneno yake. "Bado, kwa sababu mdogo wako hajajua kumsikiliza mbwa" ni sentensi anayoielewa, na inamwachia kazi. Mpelekeni kwa jamaa au jirani mwenye mbwa mzee mtulivu, mkae naye chini, na mwacheni ajaribu kuita na kusubiri.